Mnunuzi Aliyegawanyika Hapangi Bei

Katika mambo yanayoonyesha tofauti kati ya utajiri wa nchi na ustawi wa watu wake, ni machache yaliyo dhahiri kuliko bei ya dawa nchini Marekani. Nchi hiyo ina vyuo vikuu vyenye sifa, maabara zisizo na idadi na viwanda vya dawa vinavyouza bidhaa zake duniani kote. Hata hivyo, wako raia wake wanaotoka kwa daktari na cheti cha dawa mkononi, wakafika dukani, wakatajiwa bei, wakakikunja cheti na kurudi nyumbani mikono mitupu. Wengine hununua nusu ya dozi. Wako wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakipunguza kipimo cha insulini ili chupa moja ifike mwisho wa mwezi, jambo ambalo kila mganga anajua kuwa ni kucheza na kifo.

Dawa zenyewe zimejaa madukani. Kinachokosekana ni uwezo wa kuzinunua, na uwezo huo hautegemei mfuko wa mgonjwa peke yake. Unategemea pia jinsi Serikali, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa, inavyokwenda sokoni. Kwa miongo minne sasa baadhi ya majimbo ya Marekani yamekuwa yakijaribu kurekebisha jambo hilo kwa kununua dawa kwa pamoja. Jitihada hizo zinastahili kuchunguzwa kwa makini na kila mtu anayeshughulika na fedha za umma, kwa kuwa ushindi wake na upungufu wake vyote vina mafunzo.

NANI ANAYENUNUA?

Watu wengi hudhani kwamba katika nchi ya kibepari mnunuzi wa dawa ni mgonjwa mwenyewe, na kwamba Serikali hukaa kando ikitazama. Dhana hiyo si sahihi. Serikali ya jimbo nchini Marekani huwanunulia dawa maskini walio katika mpango wa Medicaid, ulioanzishwa mwaka 1965 na unaogharamiwa kwa pamoja na Serikali ya Shirikisho na majimbo. Huwanunulia watumishi wake na wastaafu wake kwa njia ya bima. Huwanunulia wafungwa waliomo magerezani, wagonjwa walio katika hospitali za akili, na wanafunzi wanaotibiwa katika zahanati za vyuo vikuu vya jimbo. Idara za afya nazo hununua chanjo na dawa za kutibu kifua kikuu.

Kwa miaka mingi kila mmoja wa wanunuzi hao alikwenda sokoni peke yake. Magereza yalikuwa na mkataba wao, bima ya walimu ilikuwa na wake, na Medicaid ilikuwa na wake. Fedha zote zilitoka katika kodi ya wananchi wale wale, lakini zilifika kwa muuzaji zikiwa zimemegwa vipande vipande. Ni sawa na baba mwenye nyumba anayewatuma wanawe watano dukani kwa nyakati tano, kila mmoja akanunue kibaba cha sukari, ilhali fedha za wote zingetosha gunia zima kwa bei ya jumla. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hakuna aliyewahi kupata bei ya gunia kwa kununua vibaba.

Muuzaji, kwa upande wake, hakugawanyika. Kampuni inayovumbua dawa mpya hupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuitengeneza na kuiuza peke yake kwa muda wa miaka kadhaa. Katika muda huo hakuna mshindani anayeruhusiwa kuuza dawa hiyo hiyo kwa bei nafuu. Basi sokoni hukutana pande mbili: upande mmoja muuzaji mmoja anayejua bei aliyomtoza kila mtu, na upande wa pili mamia ya wanunuzi wasiojua hata jirani zao wamelipa kiasi gani. Katika mapatano ya namna hiyo ni dhahiri nani atapanga bei.

KIDONGE CHA DOLA ELFU MOJA

Mfano ulioamsha watu wengi ni ule wa dawa ya homa ya ini aina ya C. Mwezi Desemba mwaka 2013 kampuni ya Gilead iliruhusiwa kuuza nchini Marekani dawa iitwayo Sovaldi, dawa ambayo kwa hakika ilikuwa hatua kubwa katika uganga. Ilimezwa kwa wiki 12, nayo, ikitumiwa pamoja na dawa nyingine, iliwaponya wagonjwa walio wengi. Bei yake ilikuwa dola 84,000 kwa tiba nzima, yaani dola 1,000 kwa kila kidonge.

Majimbo yaliyokuwa na wagonjwa wengi wa Medicaid na wafungwa wengi wenye ugonjwa huo yalijikuta yamebanwa. Dawa ya kuponya ilikuwapo, wagonjwa walijulikana, lakini bajeti haikutosha. Baadhi ya majimbo yakaamua kwamba dawa itolewe kwanza kwa wale ambao maini yao yamekwisha kuharibika. Wengine waliambiwa wasubiri, maana yake wasubiri hadi waugue zaidi. Uchunguzi wa maseneta wa vyama vyote viwili, uliotolewa mwezi Desemba mwaka 2015, ulionyesha kwamba katika mwaka 2014 Medicaid ilitumia zaidi ya dola bilioni 1 kwa dawa hiyo kabla ya marejesho, na bado ikawatibu chini ya asilimia 2.4 ya wanachama wake waliokadiriwa kuwa na ugonjwa huo.

Hapo ndipo hesabu za ununuzi zinapogeuka kuwa suala la haki. Bei inapokuwa kubwa kiasi kwamba Serikali inalazimika kuchagua nani atibiwe na nani aachwe, muuzaji amekwisha kupewa madaraka ambayo hakuna mpiga kura aliyempa.

Wakati huo huo, nchi ya Misri, iliyokuwa na mzigo mkubwa kabisa wa ugonjwa huo duniani, ilikwenda kuzungumza na kampuni ile ile ikiwa mnunuzi mmoja, Serikali ya nchi nzima. Mwaka 2014 Misri ilipata dawa hiyo kwa dola 300 kwa mwezi, yaani dola 900 kwa tiba nzima. Baadaye viwanda vya Misri vyenyewe viliitengeneza kwa bei ya chini zaidi. Ni kweli kwamba makampuni huzitoza nchi maskini bei pungufu, kwa hiyo tofauti yote haiwezi kuhesabiwa kuwa matunda ya umoja. Lakini Misri ilifika mezani ikiwa na sauti moja na mpango wa kuwatibu watu wake wote, na mwezi Oktoba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua kuwa nchi ya kwanza kufikia daraja la juu katika njia ya kuutokomeza ugonjwa huo.

MAJIMBO YASHIKANA MIKONO

Wazo la kununua kwa pamoja lilianza kwa unyenyekevu. Mwaka 1985 jimbo la Minnesota lilianzisha ushirika wa mikataba ya dawa kwa ajili ya taasisi za umma, na majimbo mengine yakaalikwa kujiunga. Ushirika huo, ujulikanao kwa jina la MMCAP, ulinunua dawa za magereza, hospitali za umma na zahanati za vyuo, ukakua hadi kuwa na wanachama katika majimbo yote ya Marekani. Haukutangazwa kwa mbwembwe. Ulifanya kazi ya maofisa ugavi: kukusanya mahitaji, kuitisha zabuni, kupata bei, kuwagawia wanachama.

Kwa upande wa Medicaid, hatua ya kwanza ilikuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1990. Sheria hiyo iliyalazimisha makampuni ya dawa kurudisha sehemu ya bei kwa Serikali kwa kila dawa iliyotolewa kwa wanachama wa Medicaid. Tangu mwaka 2010 kiwango cha chini cha marejesho hayo kwa dawa nyingi zenye hataza kimekuwa asilimia 23.1 ya bei ya wastani ya kiwandani. Lakini makampuni nayo yalipata kitu: majimbo yalitakiwa kuzigharamia karibu dawa zote za kampuni iliyokubali kurudisha fedha. Jimbo liliachiwa nafasi ya kudai marejesho ya ziada, ila kila jimbo likadai peke yake, na jimbo dogo kama Vermont, lenye watu wapatao laki sita na nusu tu, lilikuwa na sauti ndogo mbele ya kampuni ya kimataifa.

Ndipo mwaka 2003 Michigan na Vermont zikaamua kuunganisha nguvu zao. Mwezi Aprili mwaka 2004 Serikali ya Shirikisho iliidhinisha umoja wa majimbo matano: Michigan, Vermont, New Hampshire, Alaska na Nevada. Mwaka 2005 ulitokea umoja wa Louisiana, Maryland na West Virginia. Mwaka huo huo Iowa, Maine na Vermont zikaanzisha umoja wa tatu, zikauita umoja wa majimbo yenye mamlaka kamili. Jina hilo lilikuwa na maana yake. Miungano miwili iliyotangulia iliendeshwa na makampuni binafsi yaliyolipwa kwa kazi hiyo, lakini huu wa tatu ulimilikiwa na kuongozwa na majimbo yenyewe, ili kila senti ya marejesho irudi katika hazina ya umma. Baadaye wanachama wake waliongezeka hadi kupita 10.

Mwaka 2006 Oregon na Washington nazo ziliungana. Umoja wao haukuishia kwa maskini wa Medicaid. Uliwafikia watumishi wa Serikali, na katika Oregon walimu wa shule za umma walinufaika kupitia bodi yao ya bima. Vile vile mwananchi wa kawaida asiye na bima aliruhusiwa kupata kadi ya kununulia dawa kwa bei ya umoja. Nevada na Connecticut zilijiunga katika miaka ya karibuni.

SIRI YA NGUVU HIYO

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kampuni ya dawa ikubali kupunguza bei kwa sababu tu majimbo yameungana. Jibu limo katika karatasi moja iitwayo orodha ya dawa teule. Kwa magonjwa mengi, kama shinikizo la damu, pumu au vidonda vya tumbo, ziko dawa nne au tano za makampuni mbalimbali zinazofanya kazi inayokaribiana. Kamati ya madaktari na wafamasia huzichambua dawa hizo kwa ubora kwanza. Zile zinazolingana kwa ubora hushindanishwa kwa bei. Inayoshinda huingizwa katika orodha, na daktari huiandika bila kikwazo. Iliyoshindwa haipigwi marufuku, ila daktari anayeitaka hana budi kueleza sababu na kupata kibali.

Kampuni inajua kwamba dawa iliyo nje ya orodha itauzwa kidogo. Jimbo moja dogo likiiacha nje, hasara ni ndogo. Majimbo 10 yakiiacha nje kwa pamoja, hasara inaonekana katika vitabu vya mwaka. Basi punguzo halitokani na huruma wala uzalendo wa mwenye kampuni. Linatokana na uwezo wa mnunuzi kusema hapana na muuzaji akaumia. Mnunuzi asiyeweza kusema hapana anaomba tu, hata awe mkubwa kiasi gani.

Makampuni yalilitambua jambo hilo mapema, ndiyo maana yalikimbilia mahakamani. Mwaka 2000 jimbo la Maine lilipitisha sheria ya kutumia uzito wa Medicaid ili kupata bei nafuu kwa wakazi wake wengine wasio na bima ya dawa. Kampuni ambayo ingekataa kupunguza ingekuta dawa zake zinahitaji kibali kabla ya kutolewa kwa wagonjwa wa Medicaid. Chama cha makampuni ya dawa kilifungua kesi na utekelezaji ukasimamishwa. Mwezi Mei mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hoja za chama hicho za kuuzuia mpango huo, na baada ya marekebisho Maine ikaanza kuutekeleza mwaka 2004. Ilichukua miaka mitatu ya mashauri kwa jimbo kuruhusiwa kufanya kile ambacho kila mama anayekwenda gulioni hukifanya bila kushauriana na wakili.

CALIFORNIA NA LOUISIANA

Mifano miwili ya karibuni inaonyesha jinsi wazo hilo lilivyopanuka. Tarehe 7 Januari 2019, siku ile ile aliyoapishwa, Gavana Gavin Newsom wa California alitoa amri kwamba idara za jimbo hilo zianze kununua dawa kwa pamoja. Wakati huo mpango wa Medicaid wa California ulikuwa na wanachama wapatao milioni 13, lakini dawa za wengi wao zilinunuliwa na makampuni mbalimbali ya bima, kila moja kwa mapatano yake. Kuanzia tarehe 1 Januari 2022 dawa hizo ziliwekwa chini ya mfumo mmoja wa jimbo. Wilaya ya Los Angeles ilijiunga na ununuzi wa pamoja, ikathibitisha kwamba serikali za mitaa nazo zinaweza kukaa meza moja na jimbo.

California ikapiga hatua nyingine. Sheria ya mwaka 2020 iliiruhusu kuagiza dawa zitengenezwe kwa jina la jimbo lenyewe. Mwaka 2023 iliingia mkataba wa dola milioni 50 na shirika la Civica, lisiloendeshwa kwa faida, kwa ajili ya insulini. Dawa ya kupuliza puani inayowaokoa watu waliozidiwa na madawa ya kulevya ilianza kupatikana mwaka 2024 kwa dola 24 kwa pakiti ya mbili. Insulini ya kwanza ya mpango huo ilifuata mwezi Januari mwaka 2026 kwa dola 55 kwa pakiti ya kalamu tano za sindano. Ikumbukwe kwamba insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na wavumbuzi wake waliiuzia haki yake chuo kikuu kwa dola moja moja, wakitaka imfikie kila mgonjwa. Ilichukua zaidi ya karne moja kwa serikali ya jimbo tajiri kuona kwamba inapaswa kuingia sokoni ili nia hiyo itimie.

Louisiana ilichukua njia yake. Mwaka 2019, chini ya Gavana John Bel Edwards, jimbo hilo lilipatana na kampuni tanzu ya Gilead kwamba kwa miaka mitano malipo ya kila mwaka ya dawa ya homa ya ini yawe na kikomo. Kikomo kikifikiwa, jimbo lingeendelea kupata dawa kwa wagonjwa wa Medicaid na wafungwa bila malipo zaidi. Kwa njia hiyo swali la nani atibiwe kwanza liliondolewa mezani, kwa sababu kila mgonjwa aliyeongezwa alishusha gharama ya kila dozi. Kazi iliyobaki ikawa ya wauguzi na wapimaji: kuwatafuta wagonjwa, kuwapima na kuwafikishia dawa. Kazi hiyo nayo si ndogo, wala bei nafuu peke yake haiwezi kuifanya.

WATU WA KATI

Ingekuwa kosa kudhani kwamba adui wa bei nafuu ni kiwanda peke yake. Kati ya kiwanda na mgonjwa wamekaa mawakala wanaosimamia bima za dawa. Wao ndio wanaoandaa orodha, wanaopatana na viwanda na wanaoyalipa maduka. Taarifa ya tume ya biashara ya Serikali ya Marekani iliyotolewa mwezi Julai mwaka 2024 ilionyesha kwamba mawakala watatu wakubwa walishughulikia karibu asilimia 80 ya vyeti vyote vya dawa nchini humo katika mwaka 2023. Kwa maneno mengine, wakati majimbo yakijadiliana kama yaungane au yasiungane, watu wa kati walikuwa wamekwisha kuungana.

Jimbo la Ohio liliyagundua matokeo yake mwaka 2018. Mkaguzi wa hesabu wa jimbo aliona kwamba mawakala waliitoza Medicaid bei moja na kuyalipa maduka ya dawa bei nyingine iliyo pungufu. Tofauti iliyobaki mikononi mwao kwa mwaka mmoja ilikuwa dola milioni 224.8. Wakati huo huo maduka madogo ya vijijini yalilalamika kwamba malipo hayatoshi hata kurudisha gharama ya dawa. Ohio ikavunja utaratibu huo na mwaka 2022 ikaanza kutumia wakala mmoja anayewajibika kwa jimbo. West Virginia ilikuwa imetangulia mwaka 2017 kwa kuzirudisha dawa za Medicaid mikononi mwa jimbo, na tathmini ilionyesha kwamba katika mwaka wa kwanza iliokoa dola milioni 54.4.

Fundisho hapa liko wazi. Kuunganisha ununuzi na kisha kuukabidhi kwa wakala ambaye vitabu vyake havikaguliwi ni kumkusanyia mlanguzi mzigo mkubwa zaidi. Faida ya umoja humwendea yule anayeshika kalamu. Kwa hiyo ukaguzi wa hesabu ni sehemu ya ununuzi wenyewe, wala haupaswi kungojewa hadi fedha zimekwisha kupotea.

HOJA ZA WAPINZANI

Wanaopinga jitihada hizi wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Hoja ya kwanza ni kwamba utafiti wa dawa mpya ni ghali, na bei zikishushwa uvumbuzi utakufa. Ni kweli kwamba utafiti unagharimu fedha nyingi na kwamba dawa nyingi hushindwa kabla ya kufika sokoni. Lakini sehemu kubwa ya utafiti wa msingi nchini Marekani hulipiwa na kodi kupitia taasisi za umma. Dawa ya Sovaldi yenyewe ilianzia katika kampuni ndogo iliyonunuliwa na Gilead kwa takriban dola bilioni 11, na uchunguzi wa maseneta uliotajwa hapo juu ulihitimisha kwamba bei ilipangwa kwa lengo la kupata mapato makubwa kadiri iwezekanavyo. Mvumbuzi anastahili ujira. Haistahili kisingizio cha ujira kiwe hundi isiyoandikwa kiasi.

Hoja ya pili ni kwamba orodha teule inamfunga daktari mikono. Hofu hiyo ina msingi pale ambapo orodha inatungwa na wahasibu, au pale kibali kinapochukua siku nyingi huku mgonjwa akiumia. Dawa ya kasoro hiyo ni kuwaweka madaktari na wafamasia mbele katika kamati, kuweka muda maalumu wa kutoa kibali, na kumruhusu mgonjwa aliyekwisha kuizoea dawa yake aendelee nayo. Aidha, isisahauliwe kwamba mgonjwa asiyemudu bei naye amefungwa mikono, na kifungo chake hakina ofisi ya rufani.

Hoja ya tatu ni kwamba Serikali kuungana katika kununua ni kuingilia uhuru wa soko. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Hataza yenyewe ni tendo la Serikali: bila sheria na mahakama za umma, kila kiwanda kingeiga dawa ya mwenzake kesho yake. Hakuna mantiki ya kuikaribisha Serikali inapomlinda muuzaji na kuifukuza inapomsaidia mnunuzi.

PALE UMOJA UNAPOKOMEA

Pamoja na hayo, itakuwa si haki kuusifu ununuzi wa pamoja kana kwamba ni mwarobaini. Nguvu yake hutegemea kuwapo kwa dawa mbadala. Pale ambapo dawa ni moja tu, mpya, na haina ya kuilinganisha nayo, mnunuzi hana pa kugeukia hata awe ameungana na nani. Sheria ya mwaka 1990 inazidi kumbana, kwa kuwa inamtaka agharamie karibu kila dawa. Mwaka 2017 Massachusetts iliomba ruhusa ya kuziacha baadhi ya dawa nje ya Medicaid ili iweze kushindania bei, na Serikali ya Shirikisho ikakataa.

Tatizo la pili ni usiri. Marejesho ya ziada yanalindwa na sheria kama siri ya biashara, hata jimbo lisilo katika umoja haliwezi kujua jirani yake amepata nini. Tatizo la tatu ni majimbo yenyewe. Kila jimbo hubaki na orodha yake, kamati yake na siasa yake, na yako yaliyotaka kuvuna katika umoja bila kukubali kuifuata orodha ya pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole viwili visivyokutana navyo havivunji.

Serikali ya Shirikisho nayo ilichelewa kutoa mfano. Mwaka 2003, ilipoanzisha malipo ya dawa kwa wazee wa Medicare, sheria ile ile iliikataza kupatana bei na makampuni. Mnunuzi mkubwa kuliko wote akaingia sokoni akiwa amefungwa mdomo. Ilikuwa mwaka 2022 sheria mpya ilipomruhusu kupatana kwa baadhi ya dawa, na bei za dawa 10 za kwanza zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Kwa miaka 19 majimbo madogo yalijaribu kufanya kwa jasho kile ambacho Serikali ya Shirikisho ilikuwa imejizuia kufanya.

FUNDISHO LISILO NA MIPAKA

Jambo hili halikuwa geni kwa Tanzania. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993 ili hospitali, vituo vya afya na zahanati za umma zisihangaike kila moja na muuzaji wake. Na mwaka 2017 mawaziri wa afya wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika waliichagua Bohari hiyo kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi wanachama. Majaribu yaliyozikuta Vermont na Maine yanafanana na yatakayoukuta umoja wowote wa namna hiyo: nani ataandaa orodha, nani atakagua hesabu, na mwanachama atabaki mwaminifu hadi lini pale muuzaji atakapomnong'oneza bei ya peke yake.

Kutokana na safari ya majimbo ya Marekani, masharti matatu yanajitokeza. Kwanza, mnunuzi wa umma awe na haki ya kukataa, na haki hiyo isimamiwe na wataalamu wanaoujua ugonjwa na dawa yake. Pili, chombo cha ununuzi kiwe mali ya umma, au kama ni wakala basi vitabu vyake viwe wazi kwa mkaguzi wa Serikali kila mwaka. Tatu, wanaoungana wakubali kupoteza uhuru kidogo wa kuchagua ili wapate uhuru mkubwa zaidi wa kutibu. Sharti hili la tatu ndilo gumu, kwa sababu kila ofisi huupenda mkataba wake na kila mkuu wa idara huipenda saini yake.

Mtumishi wa ugavi anayejumlisha mahitaji ya zahanati 20 katika karatasi moja ya zabuni hasifiwi magazetini. Lakini tofauti kati ya karatasi hiyo moja na karatasi 20 yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mwalimu mstaafu anayepata insulini yake yote na yule anayeigawa nusu kwa nusu. Wauza dawa waliielewa hesabu hiyo zamani. Walipa kodi nao wana haki ya kutumikiwa na watu wanaoielewa.